Hukwe Zawose na Suala la Majaribio katika Muziki wa Taifa

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa muziki wa jadi ni upi, aghalabu hujibu kwamba ni ule uliorithiwa kutoka kwa wazee, nao hauna budi kuhifadhiwa. Akiulizwa muziki wa majaribio ni upi, hutaja gita la umeme, kinanda na mitambo ya studio. Majibu haya huweza kumpatia alama katika mtihani, lakini yanaficha jambo kubwa. Yanatufanya tumwone mpigaji wa ala za jadi kama mlinzi wa ghala, ambaye kazi yake ni kukabidhi vile alivyokabidhiwa na basi. Fikira, uchaguzi na uthubutu, ambavyo ndivyo uhai wa sanaa yoyote, tunavihesabu kuwa mali ya watu wengine.

Makala haya yanakusudia kulipinga wazo hilo kwa kuichunguza kazi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyezaliwa Doduma, katika mkoa wa Dodoma, mnamo mwaka 1938, akafariki dunia Desemba 2003. Tutaitazama hasa sahani aliyoirekodi pamoja na Michael Brook, Mkanada mpiga gita na mtunzi wa muziki wa filamu. Na kwa kuwa kipimo kizuri husaidia uhakiki, tutakitafuta kipimo hicho mbali kidogo, kwa Toru Takemitsu wa Japani, mtu aliyetumia maisha yake yote akipambana na swali hilihili: ala ya mababu na chombo cha mgeni vikutane vipi pasipo kimoja kukimeza kingine?

Lakini kwanza tuanzie nyumbani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Jina la mahali hapa lenyewe ni kumbukumbu ya kukutana na wageni, maana lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katikati yake lilisimama jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na ambalo liliungua Julai 2021. Mtu aliyesimama chini ya mapaa yake ya zege, yenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, hakukosa kukumbuka kivuli cha miti mikubwa ya gulioni. Zege lilikuwa geni. Kazi ya kivuli ilikuwa ya zamani. Hayo nayo yalikuwa majaribio, na hakuna aliyesema kwamba kwa kutumia zege Amuli aliacha kuwa Mtanzania.

Sasa tusikilize sauti za hapo. Katika mitaa ya Msimbazi, Kongo, Swahili na Uhuru vipaza sauti hushindana tangu asubuhi: dansi, taarabu, kaswida, kwaya, bongo fleva, singeli, na sauti za wachuuzi wanaotangaza bei. Mitaa hiyohiyo, kwa miaka mingi baada ya mwaka 2000, ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara ya filamu za video za Kiswahili. Zamani watu wa jiji walikwenda kutazama picha katika majumba ya sinema kama Avalon, Empire, Odeon na Empress, na filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, za Kimarekani na za Hong Kong. Filamu za video zilituletea, hatimaye, nyuso zetu na lugha yetu. Lakini tukifumba macho na kuzisikiliza tu, mara nyingi hatutambui tuko wapi. Msiba una mlio wake wa kinanda, mapenzi yana wake, hofu ina wake. Na milio hiyo huazimwa kutoka filamu moja kwenda nyingine kama viti vya arusi. Mlio wa ilimba, ambao ungeweza kuitambulisha nchi yetu kwa pigo moja, ni nadra kuusikia. Zawose naye, ambaye sahani zake zilitolewa Uingereza na Japani, haisikiki sauti yake katika mitaa hii ya biashara ya muziki. Hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Kama hatumjui Zawose alikuwa nani, hatutajua pia tunakosa nini.

Takemitsu alizaliwa Tokyo mwaka 1930. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 14, alichukuliwa kufanya kazi za kijeshi, wakati ambapo muziki wa nchi za Magharibi ulikuwa umepigwa marufuku. Huko alisikia kwa siri wimbo wa Kifaransa uliopigwa katika santuri, na baada ya vita akaamua kuwa mwanamuziki. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe. Mwaka 1951 alishirikiana na wasanii wenzake vijana kuunda kikundi kilichojiita Karakana ya Majaribio, Jikken Kobo kwa Kijapani. Mwaka 1957 alitunga maombolezo kwa ajili ya ala za nyuzi. Miaka miwili baadaye Igor Stravinsky, mtunzi maarufu, aliyasikia alipozuru Japani na kuyasifu. Tangu hapo jina la Takemitsu lilivuka mipaka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika miaka hiyo ya mwanzo kijana huyu hakutaka kabisa kusikia muziki wa jadi ya Kijapani. Ulimkumbusha vita na ukali wa wanajeshi. Msomaji wa Kiafrika ataielewa hali hiyo, japo sababu zetu ni tofauti: sisi tulifundishwa na mkoloni kuzionea haya ngoma zetu, yeye alifundishwa na vita kuuchukia muziki wa wazee wake. Ni baada ya kutazama mchezo wa vikaragosi wa jadi, uitwao bunraku, ndipo alipogutuka na kutambua kwamba alikuwa ameruka hazina iliyokuwa mlangoni kwake.

Filamu ndizo zilizompa mahali pa kujifunzia upya. Katika filamu ya Masaki Kobayashi iitwayo Seppuku, ya mwaka 1962, alitumia biwa, ala ya nyuzi inayofanana kidogo na gambusi letu la pwani. Katika Kwaidan ya mwaka 1964, filamu ya hadithi za mizimu ya mwelekezi huyohuyo, alirekodi sauti kama zile za mbao zinazopasuka, akazigeuza kwa mitambo hata mtazamaji asijue anasikia kitu gani. Hadi alipofariki mwaka 1996 alikuwa ametunga muziki wa filamu zinazokaribia mia. Katika Ran ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1985, iko sehemu ya vita kali ambamo hatusikii panga wala vilio. Tunasikia muziki peke yake ukiomboleza juu ya maiti. Takemitsu alijua wakati wa kupiga na wakati wa kunyamaza. Kwake yeye kimya baina ya sauti mbili kilikuwa sehemu ya wimbo.

Mwaka 1967 aliagizwa na okestra kubwa ya New York atunge kazi ya kuadhimisha miaka 125 ya okestra hiyo. Alitunga November Steps, akaweka mbele ya okestra Wajapani wawili, Kinshi Tsuruta mwenye biwa na Katsuya Yokoyama mwenye shakuhachi, yaani filimbi ya mwanzi. Wengi walitarajia kuona Mashariki na Magharibi vikichanganywa kama maziwa katika chai. Takemitsu alikataa. Okestra na ala za Kijapani mara nyingi husemezana kwa zamu, na karibu na mwisho wapigaji wawili huachwa peke yao kwa muda mrefu, okestra nzima ikiwa kimya, ikisikiliza. Mgeni na mwenyeji wako katika nyumba moja, lakini kila mmoja amebaki na uso wake.

Tukiwa na kipimo hicho mkononi turudi kwa Zawose. Safari yake ilikwenda kinyume na ile ya Takemitsu. Yeye hakuanza nje akarudi ndani. Alianza ndani kabisa, katika malisho ya ng'ombe na nyimbo za Kigogo, kisha akatoka. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwalika Dar es Salaam, na akawa miongoni mwa wasanii wa kundi la taifa. Hii ilikuwa sehemu ya jitihada iliyotangazwa Desemba 1962, pale Rais wa kwanza wa Tanganyika alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kueleza nia ya kukusanya yaliyo bora katika mila za makabila yote ili yawe mali ya taifa zima, bila kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Baadaye kundi hilo lilivunjwa. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na Zawose alifundisha huko na kujenga maskani yake katika mji huo.

Ili tumpime kwa haki hatuna budi kueleza fani ya muziki wenyewe. Ilimba ni kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kila ulimi una sauti yake. Lakini zimo pia ndimi ambazo hazipigwi kabisa, nazo hutikisika zenyewe kwa kuitikia sauti za jirani. Aidha, mlio wa ilimba hautakiwi kuwa safi kama wa kengele. Huwekewa vitu vya kuufanya uvume, na mvumo huo ni sehemu ya uzuri wake. Zeze nalo hupigwa kwa upinde, likalia kwa sauti nyembamba inayoungana na ya mwimbaji.

Uimbaji wa Kigogo una kanuni ambayo kila mwalimu wa fizikia anaweza kuisaidia kuieleza. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Ndani ya sauti nene mmejificha sauti nyembamba zilizopangana juu yake kwa utaratibu wa maumbile. Wataalamu waliochunguza muziki wa Wagogo wameeleza kwamba ngazi yao ya sauti imetokana na mpangilio huo, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Kwa hiyo waimbaji wawili wa Kigogo wanapopishana kwa sauti tofauti, hawafuati kanuni za kwaya za kizungu. Wanafuata sheria iliyomo ndani ya uzi wenyewe. Yule anayesema kwamba muziki wa jadi hauna nadharia amejisema mwenyewe kuwa hajausikiliza.

Ndani ya utaratibu huo Zawose alifanya majaribio. Alizitengeneza ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kupita za kawaida, akaliongezea zeze nyuzi. Sauti yake ilishuka hadi ngurumo ya kifuani na kupanda hadi wembamba wa sauti ya mtoto, wakati mwingine ndani ya pumzi moja. Nyimbo zilizokuwa za shughuli za kijiji alizipanga upya ziweze kusimama jukwaani mbele ya wasikilizaji wasiojua Kigogo. Kila moja ya hatua hizo ilihitaji kuthubutu, maana katika ala ya jadi kosa halijifichi. Takemitsu alihitaji karakana yenye jina la Majaribio. Zawose aliifanya karakana hiyo magotini pake.

Hata hivyo kwa muda mrefu nchini mwetu tulizitumia sanaa za aina hii kama mapambo. Mgeni wa heshima akitua uwanja wa ndege, ngoma ilikuwapo. Hotuba ikianza, ngoma ilinyamazishwa. Wapigaji walipata shangwe, lakini hawakupata wasikilizaji. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ni kubwa. Anayeshangilia hutazama njuga na mavazi. Anayesikiliza huuliza kwa nini sauti ya tatu imeingia pale na si kwingine. Wasikilizaji wa namna hiyo Zawose aliwapata zaidi ng'ambo: kampuni ya JVC ya Japani ilirekodi muziki wake, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa Chibite. Katika sahani hiyo sauti, ilimba na zeze vimeachiwa nafasi kubwa. Msikilizaji husikia hata kidole kinavyogusa chuma. Kwa maoni ya mhakiki huyu, hiyo ndiyo sahani inayofaa kuanza nayo darasani.

Mwaka 2002 ilitoka Assembly, kazi ya Zawose na Brook. Brook alikuwa tayari ameshirikiana na mwimbaji mkubwa wa Pakistani, Nusrat Fateh Ali Khan, na ndiye aliyebuni gita ambalo mlio wa uzi wake huweza kudumu bila kufifia. Alikuwa pia ameandika muziki wa filamu, na miaka michache baadaye, mwaka 2007, aliandika sehemu ya muziki wa filamu Into the Wild. Hakwenda kwa Zawose kama mwizi wa nyimbo. Jina la Mtanzania limeandikwa juu ya sahani sambamba na lake, na ustadi wake katika studio hauna shaka. Zipo sehemu ambamo mdundo wa mitambo na mdundo wa ilimba vinasukumana kwa furaha ya kweli, na ambamo kijana wa mjini angeweza kwa mara ya kwanza kuingia katika muziki wa Kigogo bila kuona aibu wala ugeni.

Lakini ipo kasoro, nayo ni ya fani. Mlio wa ilimba huzaliwa na kufa upesi. Mpigaji hupanda sauti, nayo hunyauka, naye hupanda nyingine. Uhai wa ala hii umo katika nafasi ndogo zilizo baina ya mapigo. Gita lisilofifia hufanya kazi iliyo kinyume: huzijaza nafasi hizo. Mahali ambapo Zawose ameacha upenyo ili ndimi zisizopigwa ziitikie, sisi twasikia ukungu mpana wa umeme. Hiyo ni desturi ya mtunzi wa filamu, na katika filamu ni desturi nzuri, kwa sababu pale muziki umewekwa kuihudumia picha. Katika Assembly hakuna picha. Basi kitu cha kuhudumiwa kimetafutwa, na mara nyingine kilichopatikana ni sauti ya Zawose yenyewe, iliyogeuzwa kuwa mandhari: jua la Afrika linachwa, mtu analia kwa mbali.

Mfano uliopo ni wimbo uitwao Kuna Kunguni. Msikilizaji wa Kiswahili akisoma jina hilo hutabasamu mara moja. Anajua kitanda, anajua usiku usio na usingizi. Ni maudhui ya maisha ya kila siku, yenye uchungu na kicheko ndani yake. Msikilizaji wa mbali, asiyejua kunguni ni nini, huenda akaishia kusikia huzuni ya kale isiyo na jina. Zawose hakubadilika, kilichobadilika ni mahali alipowekwa. Takemitsu, aliyejua filamu vizuri kuliko wengi, alipowaleta wapigaji wa biwa na shakuhachi mbele ya okestra aliiamuru okestra inyamaze. Amri ya namna hiyo ndiyo inayokosekana katika Assembly.

Wako watakaosema kwamba ushirikiano wa aina hii ungeepukwa tangu mwanzo, na Zawose angebaki na ala zake chini ya mti. Hao wanamrudisha katika ghala tuliyoitaja mwanzoni, na kumnyima haki ambayo kila msanii anayo, haki ya kujaribu na hata ya kukosea. Wengine watasema kwamba kupigwa katika majumba makubwa ya Ulaya ni ushindi unaotosha. Hao nao wamesahau kuuliza ni nani aliyekuwa mwenyeji katika majumba hayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la mhakiki ni moja tu: baada ya mgeni kuja, je, mwenyeji amepona? Kwa upande wa Assembly jibu la haki ni kwamba amepona nusu. Jina lake lilienea. Sauti yake haikupewa kiti cha mbele kila mara.

Kazi hiyo haikukoma na kifo chake. Mwaka 2024 Pendo Zawose, bintiye, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa sahani iitwayo Maisha kwa jina la Zawose Queens. Katika desturi ya ukoo wao wanawake waliimba zaidi katika kiitikio; sasa wametunga na kuongoza wenyewe. Atakayeyaita hayo kuvunja mila na akumbuke kwamba mzee mwenyewe aliipokea ala moja akairithisha nyingine.

Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kufanya jambo dogo. Badala ya kuwaandikisha wanafunzi orodha ya ala za makabila, na awasikilizishe kipande kimoja cha Chibite, kisha kimoja cha Assembly, awaulize ni wapi walisikia kimya na ni wapi kimya kiliondolewa. Na kijana anayetengeneza filamu yake Kariakoo au Manzese, mwenye kompyuta iliyojaa milio ya kuazima, ajiulize msiba katika filamu yake ungesikikaje kwa ilimba moja na nafasi tupu kandokando yake. Mitambo si adui yetu, kama vile zege halikuwa adui wa Amuli. Ila mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Gita lisilofifia na kompyuta vimekwisha kukaa kwetu zaidi ya siku hizo mbili. Wakati umefika vilime katika shamba la mwenyeji, kwa mistari ambayo mwenyeji ameichora.